Fimbo Ambazo Dorotea Alikataa Kuzipokea

Kapteni Nestory wa klabu ya gofu aliweka karatasi juu ya meza ya stoo, akaweka kalamu juu ya karatasi, akasubiri. Dorotea Kashindye aliitazama kalamu ile, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja mpaka ikarudi upande wa mwenyewe.

"Sipokei," akasema.

"Hupokei nini, Mama Queen? Mzigo si huu hapa?"

"Mimi naona nailoni, Kapteni. Ivue niione fimbo. Nikiridhika nitakusainia hata mara tatu."

Nestory akacheka kwa puani, akidhani anataniwa. "Hii ni zawadi ya mashindano. Zawadi haifunguliwi na mtunza stoo. Wewe saini kwamba umepokea, uifungie humu, Jumamosi uilete mbele za watu. Kazi imeisha."

"Basi kaa nayo ofisini kwako mpaka hiyo Jumamosi."

Karatasi yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu: *Nimepokea seti moja ya fimbo za gofu, kumi na mbili, mpya na halisi, zikiwa katika hali nzuri.* Dorotea alisoma mpaka darasa la saba, na darasa hilo linatosha kabisa kuona neno linalotaka kukumaliza. Neno hilo lilikuwa "halisi". Yeye ndiye aseme ni halisi, na hata kuzivua nailoni hajazivua! Kesho zikionekana feki, watu watamuuliza nani? Aliyezinunua, au fundi mwenye ufunguo wa stoo, ambaye anajua kung'oa kichwa cha fimbo na kukirudisha mahali pake usione hata alama?

Jibu alilijua, maana alishawahi kuliona kwa macho yake.

Kabla yake, stoo ya klabu ile ilikuwa mikononi mwa mtu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, aitwaye Pius, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wa mwalimu. Siku moja aliletewa katoni sita za mipira ya gofu zilizofungwa vizuri kwa gundi na utepe. Akasaini. Mwezi uliofuata zikafunguliwa, na nusu ya mipira ikakutwa ni ya zamani, imeokotwa majini na kupakwa rangi upya. Viongozi hawakujisumbua kumtafuta aliyeuza. Walimwonyesha Pius sahihi yake mwenyewe. Akapanda kivuko kurudi Ukerewe na begi moja na jina la mwizi, na mpaka leo kitu kikipotea pale klabuni utasikia mtu akisema, "Tumerudi enzi za Pius."

Dorotea alijua Pius hakuiba. Alikuwepo siku katoni zilipoletwa, aliona utepe ukiwa mzima. Lakini alinyamaza, kwa kuwa alikuwa na mtoto wa kusomesha na aliogopa. Tangu siku hiyo amekuwa na hasira na nafsi yake, na hasira ya aina hiyo haiishi kwa kuomba msamaha kanisani.

Tumjue kidogo mama huyu. Alizaliwa Misungwi, binti wa tatu kati ya mabinti watano wa mzee Kashindye, ambaye alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa na mtoto wa kiume hata wa dawa. Majirani walimhurumia mzee. Mzee akawajibu kwa kumkabidhi Dorotea fimbo na ng'ombe thelathini. Mtoto yule alichunga, na katika kuchunga alijifunza mambo ya fimbo ambayo wavulana wa kijiji walijifunza: kuibeba juu ya kidole kimoja mpaka itulie, ujue uzito umelala wapi, kuigonga kwenye jiwe na kusikiliza. Fimbo yenye ufa kwa ndani huwezi kuiona kwa macho, lakini huwezi kukosa kuisikia. Ukichunga na fimbo yenye ufa, itakukatikia siku fisi anapokuja, na fisi hangoji ukachonge nyingine.

Alipofika miaka ishirini na moja alipata kazi ya kufyeka nyasi kwenye klabu ya gofu ya Mabwe. Ukitoka Mwanza mjini kuelekea Usagara, upande wa ziwa, utaona uwanja wa mashimo tisa uliojipenyeza katikati ya mawe makubwa. Wageni husema hakuna mahali pagumu kucheza gofu kama pale, kwa kuwa mpira ukigonga jiwe unarudi kukusalimia. Makedi wa wakati ule, yaani wabeba fimbo wa wachezaji, walikuwa wanaume watupu. Asubuhi moja kedi mmoja hakutokea, na mzee Chandrakant, mmoja wa wachezaji, akamwona binti wa fyekeo amesimama.

"Mwangaluka, mayu," mzee akamsalimia kwa Kisukuma safi, maana familia yake ilikuwa imeuza vipuri vya magari mtaa wa Mirongo tangu babu yake, na mteja wa Kisukuma huongei naye kwa ishara. "Mfuko huu utaweza?"

"Nimechunga ng'ombe thelathini, baba. Mfuko hautanishinda."

Makedi walimcheka wiki nzima. Walimwita "Mama Mchungaji". Mmoja alimwekea jiwe ndani ya mfuko ili azidiwe njiani. Dorotea alilibeba jiwe lile mashimo yote tisa, kisha akalitua juu ya mguu wa aliyeliweka. Baada ya hapo walitafuta mtu mwingine wa kumcheka.

Chandrakant ndiye aliyemfanya fundi. Siku hizo fimbo ikivunjika ilipelekwa Nairobi, ikirudi imezeeka. Mzee akaona upuuzi. Akafunga jiliwa, kile chuma cha kubania vitu, kwenye meza nyuma ya duka lake, akamfundisha Dorotea kubadilisha mpira wa kushikia, kunyoosha bomba la fimbo, kuchomoa kichwa kwa joto na kukibandika upya. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipuri, aliyezeeka katika vita vya beringi bandia na plagi bandia, alimpa somo moja ambalo Dorotea angelisema hata akiamshwa usingizini. "Mwenye kughushi ana pesa ya nje tu," mzee alikuwa akisema. "Boksi atalifanya zuri, rangi ataifanya nzuri. Ndani hana pesa ya kuweka. Kwa hiyo wewe mayu usiangalie alikotaka uangalie."

Mzee amefariki mwaka wa tisa sasa. Fundi wake alikabidhiwa stoo ya klabu baada ya Pius, na hajawahi kupoteza hata kijiti cha kuwekea mpira.

Sasa turudi kwenye mzigo wa Nestory.

Yalikuwa yanakuja mashindano ya wanawake, ya kwanza tangu klabu ianzishwe, na wageni walikuwa wamealikwa kutoka Dar, Arusha na Kisumu. Nestory, ambaye kwa kazi zake za kawaida anasafirisha samaki na kwa mapenzi yake ni kapteni wa klabu, aliahidi zawadi ya kumtoa mtu machozi: seti nzima ya fimbo za kampuni kubwa ya ng'ambo. Akaipata mtandaoni. Bei ilikuwa chini ya nusu. Akazituma picha kwenye kundi la WhatsApp la wanachama, na kundi likalipuka kwa mikono ya kupiga makofi. Dorotea peke yake ndiye aliyeuliza, na aliuliza kwa heshima zote.

"Kapteni, hizi picha ni za mzigo wako, au ni za kalenda? Mbona nyuma hakuna ukuta, hakuna meza, hakuna hata kivuli?"

Hakujibiwa. Akauliza tena: je, muuzaji amekubali kupiga simu ya video aonyeshe shingo ya fimbo, pale namba inapochongwa? Je, jina la ukurasa ndilo jina la anayepokea pesa? Nestory akajibu kwa ujumbe wa sauti, kila mtu asikie, kwamba ukurasa ule una wafuasi laki moja na elfu ishirini, na kwamba mafundi wa vichochoroni wanaogopa biashara ya kisasa kwa sababu itawanyima kazi.

"Wafuasi si ushahidi," Dorotea akaandika. "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Akatolewa kwenye kundi.

Mzigo ulipofika ulikuwa unang'aa kama bibi harusi. Kila fimbo ilikuwa imevalishwa nailoni kuanzia kichwani mpaka mwisho wa mpini, na juu yake nembo ya dhahabu, na cheti chenye muhuri. Na hapo, ndugu msomaji, ndipo tapeli alipotushika pabaya, kwa kuwa anatujua. Sisi na nailoni tuna mapenzi mazito. Tunanunua kochi, tunalikalia na nailoni yake miaka mitano, mapaja yanatoka jasho, tunavumilia. Rimoti ya televisheni tunaivalisha mpaka namba hazionekani. Gari likija bandarini na nailoni kwenye viti, ole wake atakayeichana! Kwetu nailoni ndiyo upya wenyewe. Ukiivua, kitu kimeshaanza kuzeeka. Basi wanachama walipita ofisini kwa Nestory mmoja mmoja, wakazitazama fimbo kwa mbali mikono ikiwa nyuma, wakasema, "Mpya kabisa, angalia nailoni." Hata mtu mmoja hakuomba kuivua. Ingekuwa kama kumfunua mtu nguo.

Dorotea alipewa nafasi ya kuzishika juu ya nailoni tu, siku ile ya karatasi, na alipozishika roho yake ilikataa. Kiwanda cha kweli hufunika kichwa cha chuma kisikwaruzwe. Mpini wa mpira cha nini kuufunika? Kisha kulikuwa na harufu. Mpira mzuri unanuka kidogo. Hizi zilinuka mafuta ya taa hata nailoni ilipokuwa imefungwa. Hakuwa na uhakika kamili, na aliwaambia hivyo viongozi watatu walipomwita Ijumaa kwenye kibaraza.

"Sisemi ni feki. Nasema sijaziona. Nikiziona nitasema."

"Na sisi tunasema hivi," Nestory akajibu. Alikuwa amevaa fulana ya kola, imepigwa pasi mpaka kwenye mikono. "Mtunza stoo asiyepokea mali ya klabu anakula mshahara wa nini? Saini leo, au Jumatatu utafute kazi nyingine."

Hofu ilimshika Dorotea. Mimi sitamsingizia ujasiri usio na woga. Queen, bintiye, alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na mama wa miaka hamsini na mbili hapati ajira kwa kupita mlangoni na kupunga mkono. Aliiangalia ile kalamu, akamkumbuka Pius akishuka ngazi za kibaraza kilekile na begi lake, hakuna aliyemsindikiza. Kisha akasimama.

"Niliogopa mara moja katika klabu hii," akasema. "Mara hiyo ilinitosha. Jina langu siliandiki juu ya nailoni."

Akaondoka kwenda kuwapangia wachezaji mifuko yao, kama ilivyo kazi yake. Fimbo za zawadi zikabaki ofisini kwa Nestory, ufunguo mfukoni mwa Nestory.

Jumamosi mashindano yalikwenda vizuri. Jua lilikuwa kali, upepo wa ziwa ukisukuma mipira kulia, wageni wakitukana mawe kwa lugha tatu. Saa kumi jioni mshindi akajulikana: Mehreen, mfamasia mwenye duka la dawa Mirongo, dada wa miaka thelathini na kidogo ambaye alianza kucheza gofu baada ya daktari kumwambia atembee. Aliwapita wa Kisumu kwa pigo moja. Watu wakapiga vigelegele. Nestory akashika kipaza sauti, akaeleza thamani ya zawadi mara mbili, na mara ya pili ilikuwa imeongezeka. Kisha akageuka.

"Mama Queen, tuletee zawadi."

Alikuwa ameipanga iwe hivyo makusudi. Dorotea akiibeba mbele ya wote, ameshaipokea; sahihi ya nini tena?

Dorotea alikuwa amesimama kando ya nguzo. Hakusogea. "Siibebi, Kapteni."

Kelele zikapungua. Nestory akatabasamu kwa wageni. "Mama yetu amechoka. Nitaileta mwenyewe." Akaingia ofisini, akatoka na mfuko unaong'aa, akamkabidhi Mehreen, simu zikapiga picha. Mehreen alishukuru, machozi yakimlengalenga kweli, kwa kuwa fimbo alizochezea zilikuwa za kuazima.

Hapo Dorotea angeweza kunyamaza. Hakuwa amesaini, hakuwa amebeba, jina lake lilikuwa safi. Lakini alimtazama yule dada akiukumbatia mfuko ule, akaona kwamba jina safi la mtu anayenyamaza ndilo alilokuwa nalo miaka yote hii, na lilikuwa halimsaidii kulala. Akapanda ngazi za kibaraza.

"Hongera, dada Mehreen. Fimbo sasa ni mali yako, si ya klabu. Nakuomba ruhusa nizivue nailoni."

"Mama Queen!" Nestory akafoka, akisahau kipaza sauti kiko mdomoni. Ndege waliokuwa juu ya mawe waliruka.

Mehreen aliwatazama wote wawili. Mtu anayeuza dawa huko kwetu anajua boksi zuri linaweza kubeba nini. "Kwa nini, mama?"

"Kwa sababu nadhani umepewa feki. Nikikosea nitakuomba radhi hapa hapa, kwa magoti."

"Fungua," Mehreen akasema.

Dorotea akaichana. Sauti ya nailoni ikichanika ilisikika mpaka kwenye meza za nyuma, na kuna mama mmoja, mke wa mwanachama, aliyeshika mdomo kama ameona msiba. Dorotea hakuwa na haraka. Alianza na mpini: akausugua kwenye kiganja, akakiinua juu, watu wakaona weusi. "Mpira mzuri hauchafui mkono." Akashika shingo ya fimbo namba saba, penye namba ya kiwanda, akaikwangua kwa ukucha. Namba ikatoka yote, ikabaki chini ya ukucha wake. "Ya kweli imechongwa kwenye chuma. Hii imebandikwa." Akazisimamisha namba saba na namba nane juu ya meza, uso wa kila moja ukitazama wageni. "Kila fimbo hulala kupita mwenzake ili mpira upande zaidi. Njooni mnionyeshe tofauti ya hizi mbili."

Mgeni mmoja wa Arusha akaja, akachuchumaa, akafumba jicho moja. "Zimelala sawasawa," akasema. "Hizi ni saba mbili."

Mwisho akachukua ile fimbo kubwa ya kuanzia, yenye kichwa kama ngumi mbili, ambayo chini yake palikuwa pameandikwa kwa majivuno kwamba ni madini ya titani tupu. Akatoa sumaku kwenye mfuko wa gauni. "Titani haishikani na sumaku. Hilo si langu, mwulizeni mwalimu yeyote wa sayansi." Akaisogeza. Sumaku ikaruka kutoka vidoleni mwake, ikaking'ang'ania kichwa, ikakaa pale.

Hata wahudumu waliacha kufungua soda. Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, na Nestory akapandwa na hasira za mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

"Amezibadilisha!" akapiga kelele. "Huyu ni fundi! Ndiye mwenye ufunguo wa stoo! Fimbo zangu zilikuwa halisi, nina cheti!"

Dorotea alikuwa ameisubiri sentensi hiyo wiki nzima. "Zilikaa stoo siku gani?" akauliza.

Nestory akawageukia viongozi wenzake.

"Niambie siku, Kapteni. Sema Jumatano, sema Alhamisi. Karatasi niliyosaini iko wapi? Itoe watu waione."

Karatasi haikuwepo. Na viongozi wawili waliokuwepo Ijumaa walianza kuangalia viatu vyao, kwa sababu walijua fimbo zililala ofisini kwa nani.

"Mnakumbuka Pius?" Dorotea akawaambia. "Mlimwita mwizi kwa katoni ambazo hakuzifungua. Mimi nilikuwepo. Niliona utepe mzima. Nilinyamaza kama mwoga, na ninyi mlilala usingizi. Leo nasema mbele ya wageni: Pius hakuiba. Mliibiwa na aliyewauzia, mkamtupia aliyesaini."

Mehreen alimsogelea, akamshika bega. Kisha akauegemeza mfuko ule kwenye miguu ya Nestory, akaurudisha ulikotoka.

Ungefikiri Jumatatu klabu ilimpa Dorotea cheti na mkono wa pongezi. Ndiyo, subiri. Jumatatu alikabidhiwa barua: *utovu wa nidhamu na kuidhalilisha klabu mbele ya wageni*. Akufukuzaye hakwambii toka, wahenga walisema, lakini hawa walimwambia toka, tena kwa muhuri. Akaisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaitia kwenye pochi. Machozi yalikuja akayafuta kwa upande wa kitenge, ni machozi yake na alikuwa na haki nayo.

"Ufunguo," Nestory akasema akinyoosha mkono. Alikuwa amekuja peke yake.

"Makabidhiano kwanza."

"Makabidhiano ya nini? Weka ufunguo uende."

"Stoo ina mifuko arobaini na mmoja ya wanachama, ina fimbo mia nne na themanini na mbili. Ukizipokea hivihivi, kesho ikikosekana moja utaniita Pius. Kaa kitini, Kapteni. Tutatoa moja moja, utaishika, utaikagua, utaandika hali yake, utasaini. Ikifika ya mwisho ufunguo ni wako. Hutaki, naukabidhi kwa wanachama wote, mbele ya kila mmoja wao."

Nestory aliangalia mlango. Akawafikiria wanachama arobaini, akakaa.

Walianza saa tatu asubuhi. Dorotea alitoa fimbo, akaitaja: ya nani, namba ngapi, imewahi kuvunjika lini, nani aliitengeneza. Nestory akashika, akatazama, akaandika. Mchana ukawapita. Fulana yake ya pasi ililowa mgongoni. Alipotaka kuandika mstari mmoja kwa mfuko mzima, Dorotea alivuta karatasi. "Moja moja." Kufika saa tisa alikuwa ameshaanza, bila kujijua, kukwangua shingo za fimbo kwa ukucha na kunusa mipini, na mara mbili alimuuliza jambo, naye akamjibu vizuri, kwa kuwa kazi ni kazi.

Mfuko wa mwisho ulikuwa wa Nestory mwenyewe. Fimbo zake hakuwahi kumruhusu Dorotea azitengeneze. Alikuwa akizipeleka Dar, na kila mtu klabuni alijua bei yake kwa sababu aliitaja kila alipokunywa soda. Ziliagizwa mtandaoni mwaka jana. Dorotea akaichomoa ile kubwa ya kuanzia, akaigonga kidogo kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akaiweka mezani mbele ya Nestory.

Nestory aliishika. Akaipindua. Akapeleka ukucha kwenye namba ya shingoni, kisha akaurudisha kabla haujagusa. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, mahali pa kuandika hali ya fimbo, na haikuandika.

"Mama Queen," akasema polepole, na haikuwa sauti ya Jumamosi. "Wewe umeisikia. Ikoje?"

Dorotea alifungua pochi, akatoa sumaku, akaiweka mezani karibu na mkono wa Nestory. Juu yake akaweka ufunguo wa stoo.

"Mimi si mtunza stoo wa hapa, Kapteni," akasema. "Jikagulie. Kisha usaini."

Akavuta kiti mbele yake, akakaa, akaikunja mikono kusubiri sahihi yake.